Sauti ya Miss Ernestine

Jumatatu, 4 Machi 2019

Barua pepe imeingia nikiwa kwenye foleni ya mafuta. Wamenichagua. Yaani hawajanichagua, wameniita: wanawake wanne tutasoma mbele ya mwongozaji kule Houston tarehe 11 Mei, na mmoja wetu ndiye atakuwa Ozella. Nimeisoma mara tatu mpaka mzee wa nyuma akanipigia honi.

Ozella ni mjane wa Texas Mashariki, ana ng'ombe kumi na wawili na ulimi mkali, na hataki kuuza shamba lake ili barabara ipite. Yuko jukwaani tangu mchezo unaanza mpaka taa zinazimwa. Halii hata mara moja, nimepekua mswada mzima kuhakikisha. Miaka saba niko nchi hii, na katika michezo sita niliyocheza nimekuwa mkimbizi mara tatu, nesi Mwafrika mara mbili, na mara moja maiti. Mkimbizi analia. Nesi anamlilia mgonjwa. Maiti ndiyo ilikuwa nafuu. Mimi Bertila nilisomea sanaa za maonyesho Bagamoyo miaka mitatu, nikacheza malkia, mchawi na wakili; sikusomea kulia na kilemba kichwani.

Chini ya barua wameandika kwamba lafudhi lazima iwe ya kweli, ya watu weusi wa vijijini kule, wa umri ule. Nami nikifungua mdomo kuagiza chai tu, mtu ananiuliza natoka nchi gani.

Nina wiki tisa na siku tano. Ndiyo maana nimenunua daftari hili, angalau nione kama nasogea.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia Abigail. Amesema "Good luck, Mom" bila kuinua macho kwenye simu. Ana miaka kumi na nne na lafudhi yote ninayoitafuta anaitumia kuombea pizza.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda Plano kwa Sheldon. Sheldon ni Mkenya, anafanya kazi za kompyuta kwenye ofisi moja kubwa huko, na jioni ni mwigizaji kama mimi. Tulifahamiana tukicheza wakimbizi kwenye hema moja. Anajiamini kupita kiasi, lakini amepata majukumu mawili ya Kimarekani, kwa hiyo leo nimemeza kiburi nikamwita mwalimu.

"Skiza, Bertila," ameniambia. "Hawa watu wa South wanavuta maneno. Wewe vuta tu. Usiogope ku-exaggerate. Director akiskia imekaa kama ya TV, ashaingia box, umemshika."

Tumetazama video saa tatu. Nimevuta maneno mpaka taya zinauma. Naona aibu kama mtoto aliyevaa viatu vya mama yake.

Jumanne, 12 Machi

Nilikuwa natafuta shoka huku nimelibeba begani.

Kazi inayonipa mkate ni kuhudumia wazee majumbani, na tangu mwaka jana kampuni imenipanga kwa Miss Ernestine Tatum, mashariki ya Fort Worth. Ana miaka themanini na mmoja, sukari, na nyonga iliyovunjika ikaungwa. Alipika miaka thelathini na moja kwenye jiko la shule. Siku ya kwanza nilimwita Mrs. Tatum, akaniambia Mrs. Tatum ni mama mkwe wake na alishakufa, niseme Miss Ernestine. Ni mkali. Soksi nikimvalisha mshono ukakaa upande, naanza upya. Mwaka mzima nimekuwa nikimwona kama saa nane za kumaliza nirudi kwangu.

Leo nilikuwa namkanda miguu, anahadithia kijiji alichozaliwa, huko huko Texas Mashariki, misonobari, udongo mwekundu, na ghafla nikamsikia. Yaani nikaisikia sauti yenyewe. Huyu ni Ozella. Nimemkanda mwaka mzima bila kumsikia.

Sasa nifanyeje? Kwetu humwambii mtu mzima, "Nifundishe unavyoongea." Ni sawa na kumwambia anaongea vituko. Kumuiga mkubwa ndiyo kabisa. Mama alinichapa fimbo za kutosha kwa kumuiga shangazi yake anavyopiga chafya. Basi nimenyamaza, nimewasha simu irekodi, nimeitia mfukoni mwa aproni. Naona hiyo ndiyo njia yenye adabu, maana hatajua na hataumia.

Jumatatu, 18 Machi

Rekodi saba. Nazisikiliza barabarani, nazirudia neno kwa neno. Dereva wa lori amenitazama kwenye taa nyekundu akafunga kioo.

Jumapili, 24 Machi

Baada ya misa ya Kiswahili nimemwamkia Mama Dorothea. Huyu ni nesi, mwenyekiti wa kina mama, na kila msiba, harusi na ugomvi wa ndoa wa Watanzania kuanzia Denton hadi Arlington unapitia sebuleni kwake. Shikamoo yangu imetoka imevutika ki-Texas bila mimi kutaka. Ameniuliza kama nimeng'oa jino.

Abigail alikuwa pembeni, amecheka hadi machozi. Nyumbani nimemwomba anisikilize. Amesema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba nikiongea hivyo naonekana kama ninayemdanganya mtu. Nimemwambia uigizaji ndio huo. Amesema hapana, na kaingia chumbani kwake. Mtoto huyu nimemzaa mwenyewe na simwelewi.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua ya mawe. Kioo cha mbele cha gari kina ufa. Rekodi kumi na tisa.

Jumatano, 17 Aprili

Ving'ora vya kimbunga vimelia saa tisa alasiri. Nimempeleka Miss Ernestine bafuni, ndiko hakuna dirisha, nikamkalisha na mto mapajani, mimi nikakaa chini sakafuni. Nje mbingu imegeuka kijani, nyumba inatetemeka. Nilikuwa naogopa sana, na simu yangu ilikuwa kwenye taarifa za hali ya hewa, kwa hiyo sikurekodi chochote.

Yeye akampigia dadake Lula, aliyebaki kijijini kwao. Na hapo nikasikia kitu. Sauti ilibadilika. Ile ya taratibu, ya heshima, ambayo nimeikusanya mwezi mzima, ikaondoka. Akaongea haraka, chini chini, anaacha sentensi katikati kwa sababu Lula anajua mwisho wake, halafu ananyamaza muda mrefu, halafu kicheko kinatokea kifuani. Nimeelewa labda theluthi moja. Alipokata simu akanigeukia, akasema kwa ile ya siku zote, taratibu kabisa, "Miss Bertila, nadhani sasa tunaweza kutoka."

Nimemsimulia Sheldon. "Achana na hiyo," amesema. "Ilikuwa uoga tu. Na hata ukiiweza, audience haitaishika."

Nimeamua kumwamini, kwa sababu sina rekodi ya ile nyingine na siku zinakwisha.

Jumatatu, 22 Aprili

Nitaandika hivi hivi ilivyokuwa.

Miss Ernestine ana spika ndogo aliyonunuliwa na binti yake Yolanda, anayekaa Katy, nje kidogo ya Houston. Kila asubuhi naiunganisha na simu yangu ili asikilize injili. Leo baada ya chakula cha mchana, nyimbo zilipokwisha, nikaenda gereji kukunja nguo. Nikavaa vipokea sauti masikioni, nikabonyeza rekodi ya thelathini na moja, ile ninayoipenda kuliko zote, anaposimulia mazishi ya mumewe, Otis. Sikusikia kitu. Nikadhani sauti iko chini, nikaipandisha hadi mwisho. Bado kimya. Nikasema basi, naikumbuka kwa moyo, nikaanza kuirudia mwenyewe kwa nguvu, mlango wa gereji wazi, nakunja mataulo. Nilirudia maneno. Nilirudia hata ile pumzi anayoishusha kila anapomtaja Otis.

Nilipoingia sebuleni na kapu, spika ilikuwa inanguruma, kumbe simu bado imeungana nayo. Sauti yake mwenyewe inamsimulia mazishi ya mume wake. Yeye ameketi wima, kiganja amekiweka juu ya spika kama anayemziba mtu mdomo. Alikuwa amesikia zote mbili, ya spika na ya gereji.

"Zima," akasema.

Nikazima. Nikaanza kueleza: mchezo, Houston, Ozella, kwamba sina nia mbaya, kwamba naipenda sana sauti yake. Kila neno lilizidi kuniharibia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nimekuja mji huu mwaka hamsini na nane," akasema. "Nina miaka ishirini. Wasichana wa jikoni wa hapa mjini walikuwa wanajificha stoo kuniigiza, wanacheka. Nikajifunza kuongea vizuri ili wasiwe na cha kuigiza. Sikujua nitafanyiwa tena uzeeni, ndani ya nyumba yangu, na mtu anayeniosha mgongo."

"Sikuwa nacheka, Miss Ernestine."

"Ungeweza kuniuliza. Mdomo unao."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ningemwambiaje kwamba kwetu kuuliza ndiko kungekuwa utovu wa adabu? Kwamba nimeiba kwa sababu ya heshima? Ukilisema kwa sauti, hata mimi mwenyewe siliamini.

Nimemaliza zamu. Nimempa dawa, nimempima sukari, hakunitazama. Nimefika maegesho ya duka la dawa nikalia mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu.

Jumanne, 23 Aprili

Amesema maneno manne kutwa nzima. Matatu yalikuwa "hapana".

Jumatano, 24 Aprili

Simu ya kampuni haijalia. Hajanishtaki. Ningefarijika zaidi angenishtaki.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Soksi zimekaa upande na hajasema kitu.

Ijumaa, 26 Aprili

Sheldon anasema nisitie chumvi, nina rekodi thelathini na nne, nifanye mazoezi, bibi atasahau. Leo nimemwona Sheldon kama alivyo. Nimempigia Mama Dorothea nikamweleza yote bila kujipunguzia. Ameniuliza, "Umeomba radhi peke yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Kama unaomba chumvi kwa jirani. Mtu mzima umemkosea, unakwenda peke yako, mikono mitupu? Jumapili baada ya misa tunakwenda. Na mtoto aje."

Jumapili, 28 Aprili

Tumekwenda watatu. Mama Dorothea amevaa gauni lake la sherehe, mimi nimebeba sufuria la pilau, Abigail amebeba kilo mbili za unga na doti ya kanga, amenuna. Miss Ernestine alikuwa ndiyo kwanza katoka kanisani, kofia bado kichwani. Alipotuona mlangoni na chakula akauliza nani amekufa.

Mama Dorothea anaongea Kiingereza cha kuamrisha wodi nzima. Lakini leo amekataa katakata. "Radhi siombi kwa lugha ya kazini," akasema. "Abigail atatafsiri." Nikakata tamaa hapo hapo, maana Abigail hajanijibu Kiswahili tangu darasa la tatu.

Nikapiga magoti kwenye zulia. Mama Dorothea akaanza, taratibu: sisi ni wageni wa mama, huyu ni mtoto wetu, amekosa, na mtoto akikosa aibu ni ya ukoo mzima. Na Abigail akatafsiri. Yote. Hakuruka kitu, hata "ukoo". Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikamsikia mwanangu anaongea maneno ya Mama Dorothea kwa sauti ya Texas, bila kuvuta chochote, na nikajua kwamba miaka yote hii ananielewa, kila nilichomgombeza na kila nilichoongea kwenye simu nikidhani hasikii.

Halafu Mama Dorothea akasema, "Mkubwa jalala." Abigail akasita, akanitazama, kisha akatafsiri hivyo hivyo: mtu mzima ni jalala la takataka.

Nikafumba macho.

Miss Ernestine akafikiri. "Hapo kasema kweli," akasema. "Kila mtu amenitupia." Akamwuliza Abigail kama ana zaidi, Abigail akaeleza mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba maana yake mkubwa anapokea yote na hajai. Miss Ernestine akamtazama mtoto huyu muda mrefu. Akapokea kanga, akauliza maandishi yanasemaje, akaiweka mapajani.

Kisha akanigeukia. "Haya. Fanya. Nisikie ulichoiba."

Hapo hapo, magotini. Sijawahi kuogopa jukwaa namna ile. Nikasema maneno ya kwanza ya Ozella kwa sauti yake, huku namtazama usoni.

Hakukasirika. Alionekana amechoka. "Huyo siye mimi," akasema. "Huyo ni mimi nikiongea na watu wa kampuni. Na daktari. Na mwalimu mkuu, miaka thelathini na moja. Umeiba ya sebuleni, mtoto. Ozella wako yuko kwake, ana ng'ombe zake. Kwa nini aongee kama anayeomba ruhusa?"

Mama Dorothea, ambaye hakuhitaji tafsiri, akaguna.

Nikakumbuka siku ya ving'ora nikaelewa. Mwaka mzima nimekuwa mtu wa kampuni. Sikuwa nimewahi kuongeleshwa.

Akataka nifute. Nikafuta zote thelathini na nne mbele yake, moja moja, Abigail akihesabu. Zimebaki siku kumi na tatu na simu yangu ni tupu.

"Kesho njoo na hayo makaratasi," amesema Miss Ernestine tulipokuwa tunatoka. "Na huyo mtoto aje siku moja."

Jumanne, 30 Aprili

Miss Ernestine anacheza mtu wa barabara, yule anayekuja kumshawishi Ozella auze shamba, mimi Ozella. Anamcheza kwa chuki ya ajabu. Ananikatiza kila neno: "Usimjibu haraka. Kaja kuchukua ardhi yako, mwache asubiri."

Ijumaa, 3 Mei

Kumbe hakuna kuvuta. Kuna kuangusha. Neno linaanza juu linaangukia kifuani, na likishaanguka huliokoti. Amempigia Lula, akaweka simu mezani ili tusikike wote, tukaongea saa nzima kuhusu mtu aliyeoa mara nne. Lula ameniuliza watu wangu ni wa wapi. Nimesema Bukoba. Akauliza hiyo iko kaunti gani.

Jumanne, 7 Mei

Leo nimesema ukurasa mzima, na Miss Ernestine hakunikatiza. Mwishoni akasema, "Umemsikia mama yangu?" Nikasema hapana, Miss Ernestine. "Mimi nimemsikia," akasema, akaomba maji. Sina hamu ya kula, natembea tu nyumbani kutoka jikoni hadi dirishani.

Jumamosi, 11 Mei

Houston. Saa nne na nusu barabarani, mvua mwanzo mwisho. Wanawake wanne kwenye korido, tunatabasamiana kwa meno tu. Wawili wamezaliwa huku huku Texas. Niliwasikia wakiongea nikataka kurudi garini.

Mwongozaji anaitwa Paige, mwanamke mwembamba, mweupe, mwenye miwani kichwani. Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya Miss Ernestine na Lula, nikamwacha mtu wa barabara asubiri, nikaangusha maneno nikayaacha yalipoanguka. Nilikuwa nimetulia kama niko kwangu. Nilipomaliza nikajua nimeweza.

"Nzuri sana," akasema Paige. "Kweli nzuri. Lakini wanaonunua tiketi zetu hawatasikia Texas hapo, na nusu ya maneno itawapita. Unaweza kuipa Kusini zaidi kidogo? Ivute."

Ivute. Neno la Sheldon.

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kumwambia: wewe ndiye uliyeandika "ya kweli". Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Katika pumzi hiyo nikaona hema, kilemba, machozi, nikaona natimiza miaka arobaini mwezi wa Agosti. Nikaichukua ile ya sebuleni, nikaiongezea ule uvutaji wa kwenye video, nikampa. Paige akapiga paja lake akacheka. Wenzake wakaandika.

Nimerudi nimezima redio njia nzima.

Jumapili, 12 Mei

Sikukuu ya akina mama ya hapa. Abigail kaniletea chai kitandani. Miss Ernestine amepiga mara mbili, sijapokea. Jamani, huyu mama ana siku yake leo, na mimi namkimbia.

Jumatatu, 13 Mei

Ameniuliza nimesomaje. Nimesema nimesoma vizuri. Si uongo, ile mara ya kwanza nilisoma vizuri.

Ijumaa, 17 Mei

Nimepata. Mimi ndiye Ozella. Paige amepiga mwenyewe, mazoezi yanaanza tarehe tatu Juni, maonyesho Julai. Nimepiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Halafu nikakaa chini sakafuni, na furaha ikawa inakuja na kurudi, inakuja na kurudi.

Sheldon kaniambia, "Si nilikuambia?" Nimemshukuru, maana ni kweli aliniambia, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu, 20 Mei

Miss Ernestine alikuwa ameshapata habari kwa Abigail, hawa wawili siku hizi wanaandikiana. Amevaa hereni. Yolanda ameshanunua tiketi, Jumamosi tarehe 13 Julai mchana, safu ya mbele; atamleta kutoka Fort Worth, alale Katy. Lula ameambiwa. Kanisa limetangaziwa.

"Uliwapa kama nilivyokuonyesha?" akauliza.

Nilikuwa namvalisha soksi. Ningesema ndiyo, basi. Ningekuwa na wiki saba za amani. Nikamweleza. Nikamwambia ya kwake niliitoa kwanza, wakataka ya sebuleni, nikawapa, tena nimeichafua zaidi. Sikuinua kichwa. Nilisubiri ile "zima" ya siku ile.

"Mtoto," akasema, "unadhani pale jikoni miaka yote nilikula kwa sauti ipi?"

Hakukasirika hata kidogo, na hilo limeniumiza kuliko angekasirika. Aliitazama soksi, akanyoosha mguu wa pili.

"Siku nyingine zote wape wenyewe sauti wanayoitaka," akasema. "Siku nitakayokaa pale mbele, ucheze yangu. Moja tu."

"Wakinifukuza?"

"Utarudi hapa. Miguu bado ninayo."

Nimesema sawa. Nimeapa, na kiapo kwa mtu mzima si cha kuchezea.

Jumapili, 2 Juni

Nimehamia Katy kwa wiki saba, chumba cha nyuma kwa Jedidah, nesi Mkenya rafiki wa Mama Dorothea. Abigail kabaki kwa Mama Dorothea. Saa nzima ya foleni kuingia mjini, na joto linaumiza hata meno.

Jumatano, 19 Juni

Navuta. Kila siku navuta. Paige anafurahi.

Ijumaa, 5 Julai

Tumefungua. Watu wamesimama kupiga makofi. Gazeti moja dogo limesema lafudhi yangu ni ya kusadikika kabisa. Nimelikata nikalitia ndani ya daftari, nikalitoa.

Alhamisi, 11 Julai

Jedidah anasema naongea usingizini, na si Kiswahili. Nimemuuliza ilikuwa ya nani, ya kuvuta au ya kuangusha. Kaniambia nilale.

Jumamosi, 13 Julai

Nilimwona kabla taa hazijazimwa. Kofia ya buluu, Yolanda upande huu, Abigail upande ule, na ile kanga mabegani, Mama Dorothea amemfundisha kuifunga. Nilijiambia Paige akikasirika ana haki yake, mimi ndiye niliyempa ile nyingine kwa mikono yangu.

Mtu wa barabara akabisha, akasema maneno yake. Nikamwacha asubiri. Yule kijana anayemcheza akababaika, akadhani nimesahau, akataka kunisaidia, na ndipo nikamjibu kwa ya Miss Ernestine. Nilimwona Yolanda akiziba mdomo. Nyuma kidogo kukawa na kicheko kizito cha wanawake, mahali ambapo wiki nzima hakuna aliyecheka. Upande mwingine watu wameinama mbele, wanajitahidi, na najua wengine maneno yaliwapita. Nilicheza saa mbili. Sikuwa na hofu tena, nilikuwa na hasira za Ozella tu.

Wakati wa mapumziko Paige alinifuata. "Ile ilikuwa nini?"

"Mwalimu wangu yupo leo."

Akanitazama. Si mtu mbaya, nimemjua sasa, anaogopa viti vitupu kama mimi ninavyoogopa hema. "Malizia hivyo usichanganye watu," akasema. "Kesho rudi kwenye yetu."

Nikasema sawa.

Mwishoni, ukumbi wa mbele, Miss Ernestine akamshika Paige mkono, akamshukuru kwa alasiri nzuri, taratibu, kwa heshima zote, sauti ya sebuleni kutoka mwanzo hadi mwisho. Paige akayeyuka. "Umesikia?" akaniambia. "Hii ndiyo ninayoitaka." Abigail akageukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Kisha Miss Ernestine akanishika ukosi, akanivuta mpaka sikio likafika mdomoni mwake, akaongea haraka, chini chini, kama anavyoongea na Lula.

"Sauti umeipata," akasema. "Lakini umekaa kwenye ukingo wa kile kiti saa mbili nzima kama uliyekuja kuomba kazi. Ile ni nyumba yako. Kaa mpaka nyuma."

Kesho tuna onyesho saa nane mchana. Sauti nitarudisha ya Paige, nimeahidi. Kuhusu kiti sitamuuliza mtu.